Moyo Ukifungika, Kalamu Nayo Hufungika

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo letu la toleo hili linaanzia mahali ambapo wengi wetu tumewahi kufika, ingawa wachache tumesimulia. Ni usiku, wiki mbili kabla ya mitihani. Kitabu kiko wazi mezani, taa inawaka, wenzako hostelini wamelala. Unasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kinachoingia. Kazi ya utafiti uliyoianza kwa hamu miezi mitatu iliyopita imekwama kwenye sentensi ileile. Chakula hakina ladha. Alfajiri unaamka kuswali, lakini moyo haupo. Ukijaribu kumweleza mwenzako, huenda akakujibu kwa haraka: "Akhi, zidisha dhikri, imani yako imeshuka." Unanyamaza. Tangu siku hiyo humwambii mtu tena.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwani Surat ar-Ra'd, aya ya 28, inatufundisha kuwa utulivu wa nyoyo umo katika kumkumbuka Allah (S.W.). Lakini likitolewa kwa sauti ya lawama, na likawa ndilo jibu la pekee, humfungia mtu mlango. Atatoka pale amebeba mizigo miwili: huzuni aliyokuja nayo, na aibu ya kuwa na huzuni.

Leo tutajifunza kwa wanazuoni wawili wa Kiislamu. Mmoja aliugua maradhi haya akiwa katika kilele cha kazi yake, na akayaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine alikuwa amekwisha kuandika juu ya tiba ya maradhi ya nafsi zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla yake. Lengo letu ni kuelewa jambo moja: kuutunza moyo ni sehemu ya kutafuta elimu, maana moyo ukifungika, ulimi na kalamu navyo hufungika.

1. Mwalimu aliyeshindwa kusema

Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058 Miladia). Alisoma Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni. Mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk alimteua kuwa mwalimu katika Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na kidogo, naye alikuwa na wanafunzi mia tatu mbele yake. Alikuwa na cheo, mali na sifa. Ukimtazama kwa nje, hakupungukiwa na kitu.

Mnamo Rajab 488 (1095) mambo yakasimama. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min ad-Dhalal. Alianza kwa kuitazama nia yake katika kufundisha, akaona kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Allah; ndani yake mlikuwa na kupenda jina na heshima. Kwa karibu miezi sita akawa anavutwa huku na huku. Siku moja anaamua kuondoka Baghdad, siku ya pili anaghairi. Asubuhi ana hamu ya Akhera, jioni matamanio ya dunia yanamrudisha nyuma.

Kisha mwili ukasema yale ambayo moyo ulikuwa ukiyaficha. Ulimi wake ulifungika. Alikaa mbele ya wanafunzi wake akijilazimisha kuwafundisha, japo siku moja, ili kuwaridhisha waliokuja kumsikiliza, lakini hata neno moja halikutoka. Huzuni ikaingia moyoni, ikafuata hamu ya chakula kupotea. Hakuweza kumeza wala kumeng'enya. Madaktari waliomtazama walikata tamaa. Walisema kwamba maradhi yameanzia moyoni yakaenea mwilini, na hayatapona mpaka moyo upate faraja ya kile kinachousumbua.

Ndugu msomaji, tuyatafakari mambo matatu hapa. La kwanza, huyu ni mtu aliyekuja kuitwa Hujjatul Islam. Hakuna atakayesema kwamba hakujua dhikri. La pili, waliomzunguka hawakumwona daktari kuwa adui wa dini. Daktari aliitwa, akapima, akatoa kauli. La tatu, aliyezuiwa na huzuni hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mmoja wa watu wenye akili kali kabisa katika zama zake, na mwaka huohuo wa 1095 ndipo alipokamilisha Tahafut al-Falasifa, kitabu chake maarufu cha kuwajibu wanafalsafa. Akili ilikuwepo. Njia ya kuitoa ndiyo iliyoziba.

Alifanya nini? Alimwelekea Allah kwa dua ya mtu aliyeishiwa na mbinu. Kisha akachukua hatua: aligawa mali yake, akabakiza kinachowatosha watoto wake, na mwezi wa Dhul Qaada mwaka huohuo akaondoka Baghdad. Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baytul Maqdis, akaenda Hijja. Baadaye, anasema, maombi ya watoto wake yalimvuta kurudi nyumbani. Katika miaka hiyo ya safari na upweke ndipo ilipoandikwa Ihya Ulum ad-Din, vitabu arubaini ndani ya kitabu kimoja, ambayo mpaka leo husomeshwa katika darsa za misikiti yetu.

Tusimwelewe vibaya. Somo si kwamba kila aliyechoka afunge begi aache chuo. Ghazali alikuwa na riziki ya watoto aliyoipanga kwanza, na mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Alirudi kwenye kazi ileile ya ualimu akiwa na nia nyingine. Aliyopaswa kuyaacha ni yale yaliyokuwa yakiudhuru moyo wake, na kila mmoja wetu ana yake.

2. Je, huzuni ni udhaifu wa imani?

Tuirudie Qur'ani kabla ya kuhukumiana. Katika Surat Yusuf, aya ya 84 mpaka 86, Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe hadi macho yake yakawa meupe. Wanawe walimlaumu, naye akawajibu kwamba masikitiko yake anayapeleka kwa Allah. Hakukana kwamba ana masikitiko. Alijua tu pa kuyapeleka.

Katika Surat Maryam, aya ya 23 mpaka 26, Bibi Maryam (A.S.) alifikwa na uchungu wa uzazi akiwa peke yake chini ya mtende. Akatamani lau angekufa kabla ya hayo. Hebu angalia jinsi alivyojibiwa. Hakukaripiwa, wala hakuambiwa kwamba imani yake imeshuka. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Tena akapewa ruhusa ya kutozungumza na watu siku ile. Kwa ufupi: maneno ya faraja, maji, chakula, kazi ndogo ya mkono, na kupumzishwa na maneno ya watu. Nani kati yetu amemhudumia hivi rafiki yake aliyevunjika moyo?

Na Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa akimhudumia, amesimulia kwamba alimsikia mara nyingi akiomba kinga kwa Allah dhidi ya hofu na huzuni, na katika dua hiyohiyo akiomba kinga dhidi ya kushindwa na uvivu. Mpangilio huo una mafunzo. Huzuni imetajwa jirani na kushindwa kufanya kazi. Mwanafunzi anayeona kwamba hawezi kuandika tena, huenda shida yake haikuanzia kwenye kalamu.

3. Al-Balkhi na akiba ya moyo

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa katika kijiji karibu na Balkh, mji ulioko leo nchini Afghanistan, na alifariki mwaka 322 Hijria (934). Wasomaji wa jiografia wanamjua kwa ramani, kwa maana wachora ramani kadhaa wa Kiislamu waliomfuata wanahesabiwa kuwa wa chuo chake. Lakini pia aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu mwili. Sehemu ya pili, yenye milango minane, inahusu nafsi.

Kitabu hiki kilikaa muda mrefu bila kujulikana na wengi. Aliyeifanya sehemu ya nafsi isomwe na wanafunzi wa saikolojia wa leo ni Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021. Tafsiri yake ya Kiingereza, pamoja na maelezo, ilitoka mwaka 2013. Badri alitumia umri wake kuwahimiza wanasaikolojia Waislamu wasimeze kila kinachotoka Ulaya na Marekani bila kutafuna, na wala wasikitupe chenye manufaa.

Al-Balkhi anaanza na hoja nyepesi ambayo tunaisahau. Mtu anaweza kuishi muda mrefu bila maradhi makubwa ya mwili, lakini hakuna anayeishi bila kuguswa na hasira, hofu au huzuni. Basi inakuwaje tuwe na dawa ya homa na tusiwe na maarifa ya haya yanayotufika kila siku? Anaongeza kwamba mwili na nafsi vimefungamana: kimoja kikiumwa, cha pili hakipati raha. Ndivyo walivyokuja kusema madaktari wa Ghazali.

Kisha anayagawa masumbufu ya nafsi katika mafungu manne.

*Hasira.* Tiba yake huanza kabla haijaja, mtu anapokuwa mtulivu, kwa kukumbuka ni mangapi yameharibika kwa dakika moja ya ghadhabu. Sisi tunaongeza mafundisho ya Mtume (S.A.W.): aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomwondoka alale. Kubadilisha mkao wa mwili ni dawa.

*Hofu.* Anasema mambo mengi tunayoyaogopa huonekana makubwa kwa sababu tuko mbali nayo. Anatoa mfano wa mtu anayeona ukungu mbele yake usiku wa mvua, akaudhani ni kitu kizito cha kutisha. Akiingia ndani yake anakuta ni hewa yenye unyevu tu, kama anayoivuta siku zote. Aliyewahi kusafiri alfajiri kwenda Kabale anaujua ukungu huo. Kutoka kwenye bonde lile la pili unaonekana ukuta; basi linaingia, na barabara ipo. Dawa yake ni kuisogelea hofu kidogo kidogo mpaka nafsi iizoee. Anayeogopa kuzungumza mbele ya darasa aanze kwa kusoma aya tatu mbele ya watu wanne.

*Huzuni.* Hapa al-Balkhi aliona jambo kubwa. Huzuni, anasema, ni za aina mbili. Moja ina sababu inayojulikana: msiba, hasara, kufeli. Nyingine humjia mtu bila yeye kujua chanzo chake, naye anaihusisha na mwili wenyewe. Ya kwanza hutibiwa zaidi kwa fikra na mazungumzo. Ya pili inahitaji pia tiba ya mwili, pamoja na watu wema wa kumliwaza mgonjwa. Basi ukimwuliza ndugu yako "Una huzuni ya nini?" naye akakujibu "Sijui," usidhani anakuficha. Huenda kweli hajui.

*Wasiwasi.* Haya ni mawazo mabaya yanayojirudia bila kualikwa. Wapo wenzetu wanaorudia udhu mara sita, wapo wanaorudia takbira mpaka rakaa inawapita. Al-Balkhi anamwonya mwenye wasiwasi asikae peke yake bila shughuli, kwa kuwa upweke ndio shamba lake. Nasi tunakumbuka kwamba baadhi ya Masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba huwajia fikra ambazo wanaona ni jambo zito hata kuzitamka. Yeye akaona katika kule kuchukizwa kwao dalili ya imani iliyo wazi. Kuchukizwa na wazo ni ushahidi kwamba si lako.

Juu ya mafungu yote manne, al-Balkhi anatoa ushauri ambao ningependa kila msomaji ausomee kwa makini. Anasema mtu aweke akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, azitumie wakati wa dhoruba, kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua. Tuna desturi ya kutafuta maneno ya faraja tukiwa tayari tumezama. Wakati huo akili haichagui vizuri. Inaokota lolote lililo karibu, na lililo karibu siku hizi ni simu. Anayezama hafundishiki kuogelea. Anafundishwa siku ambayo ziwa limetulia.

4. Kazi njema huatamiwa

Sasa turudi kwenye kalamu. Ubunifu si wa washairi na wachoraji peke yao. Anayebuni njia ya kuhifadhi maziwa kijijini bila umeme ni mbunifu. Anayepata swali la utafiti ambalo mwalimu wake hakulifikiria ni mbunifu. Mama anayewalisha watoto watano kwa fedha za siku moja, naye ni mbunifu.

Mwaka 1926 mwandishi wa Kiingereza Graham Wallas alieleza kwamba fikra mpya hupita hatua nne. Ya kwanza ni maandalizi: unasoma, unakusanya, unahangaika. Ya pili ni kuatamia: unaliweka jambo kando, unafanya mengine, na akili inaendelea nalo chinichini kama kuku juu ya mayai. Ya tatu ni mwanga: jibu linakuja, pengine ukiwa njiani au ukichukua udhu. Ya nne ni kuhakiki: unakaa kulipima jibu kama linasimama.

Wengi wetu tunaishia kwenye hatua ya kwanza. Tunasoma usiku kucha, tunakunywa kahawa, tunaongeza saa. Na yai likichelewa tunalivunja ili tuone ndani kuna nini. Ratiba ya Muislamu, ukiitazama vizuri, imejaa nafasi za kuatamia: swala tano zinazokutoa kwenye dawati, qailula ya mchana, matembezi ya kwenda msikitini bila vitu masikioni. Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr (R.A.), kijana aliyezidisha ibada kupita kiasi, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa hata ibada imewekewa mpaka kwa ajili ya mwili, sembuse mtihani?

Lakini tujihadhari na uongo mmoja unaopendwa na vijana: kwamba mtu hawezi kuandika kazi nzuri mpaka ateseke, na kwamba huzuni ndiyo chemchemi ya ubunifu, kwa hiyo haifai kutibiwa. Mtazame Ghazali. Katika ule ugonjwa wa ulimi hakuweza kutoa darsa hata moja. Ihya ilikuja baadaye, moyo ulipoanza kupata nafasi, nia ilipotengenezwa, na siku zilipopata utaratibu. Ugonjwa haukuandika kitabu. Aliyekiandika ni mtu aliyekuwa akipona, akiwa amejifunza kitu katika ugonjwa wake.

5. Usiku mmoja

Katika kitabu cha 22 cha Ihya, kinachohusu kuilea nafsi, Ghazali anauliza: tabia njema hupatikanaje? Anajibu kwa mfano wa mwandiko. Anayetaka kuwa na hati nzuri hana njia ila kuiga kwa mkono wake yale anayofanya mwenye hati nzuri, siku baada ya siku, akijilazimisha, mpaka kile alichokuwa akijilazimisha kiwe tabia yake. Vivyo hivyo ukarimu, subira na unyenyekevu. Mkono hutangulia, moyo hufuata.

Kisha anazungumza na wanafunzi, kana kwamba ametembelea hosteli zetu wiki ya mitihani. Mwanafunzi wa fiqhi, anasema, haipati daraja ya fiqhi kwa kudurusu usiku mmoja, wala haikosi kwa kupumzika usiku mmoja. Lakini usiku mmoja wa uvivu huuita wa pili, na wa pili huuita wa tatu, mpaka nafsi izoee.

Maneno haya yana rehema na onyo kwa pamoja. Rehema: ukianguka leo, hujapotea. Mtihani mmoja uliofeli si hukumu ya maisha yako. Utaurudia, na dunia itaendelea. Onyo: usiudharau usiku wa leo, kwa kuwa una ndugu zake nyuma. Anayekua si yule asiyeanguka, bali yule ambaye anguko lake halipati mwenzake.

6. Mazoezi manne ya kuanza nayo

*Zoezi la kwanza: kadi ya akiba.* Chagua siku uliyotulia, si siku ya shida. Andika sentensi tano ambazo ungependa kuambiwa siku utakapovunjika moyo. Ziwe za kweli na ziwe zako: jina la jambo gumu ulilolivuka, neema tatu usizozitilia shaka, aya unayoipenda, mtu unayeweza kumpigia simu hata usiku. Iweke mahali utakapoiona, kwa mfano ndani ya daftari lako la masomo.

*Zoezi la pili: dakika 15.* Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, huko Marekani, walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika tukio lililowaumiza zaidi maishani na hisia zao juu yake. Hawa wa mwisho, mara tu walipomaliza kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wengine. Jaribu nawe. Andika bila kujali sarufi, kwa lugha yoyote inayokujia. Hakuna atakayesoma, ukimaliza unaweza kuichana karatasi. Na kwa kuwa dini yetu imetufundisha sitara, usiandike dhambi kwa ajili ya kuionyesha kwa watu. Kama jeraha ni bichi mno na maandishi yanakuzamisha badala ya kukupunguzia, acha, umtafute mtu wa kukaa naye.

*Zoezi la tatu: hesabu ya duka.* Katika kitabu cha 38 cha Ihya, Ghazali anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mwenye duka hamkabidhi mshirika mtaji bila masharti, wala halali bila kupiga hesabu naye. Baada ya swala ya alfajiri ipe nafsi yako sharti moja la siku: "Leo tutaandika ukurasa mmoja kabla ya kugusa simu." Jioni piga hesabu. Umepata faida? Mshukuru Allah. Umepata hasara? Ifidie kesho. Lakini kumbuka kwamba mwenye duka mwenye akili hachomi duka kwa sababu ya hasara ya siku moja.

*Zoezi la nne: mtu mmoja.* Chagua ndugu au dada mmoja mwaminifu mkubaliane kuulizana kila Ijumaa swali hili: "Moyo wako ukoje wiki hii?" Jibu likiwa zito, usikimbilie kutoa mawaidha. Fanya kwanza kama ilivyofanywa kwa Bibi Maryam: faraja, maji, chakula, utulivu. Mawaidha yatapata nafasi baadaye.

7. Wakati wa kumwona daktari

Yapo yanayopita uwezo wa kadi na daftari. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, huwezi kusoma wala kufurahia chochote. Ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Au ikiwa unafikiria kujidhuru, basi usingoje mkutano ujao wa jumuiya. Mwambie mtu leo hii, na uende ukaonane na mtaalamu. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, akawaamuru watafute, akawafundisha kwamba Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuutoa moyo katika kauli hiyo.

Hapa Uganda jina la hospitali ya Butabika limegeuzwa utani. Mtu akikosea kidogo huambiwa apelekwe huko. Tuuache utani huo. Unaposemwa bwenini, yupo anayesikiliza akiwa kitandani, na kila kicheko kinamwambia anyamaze mwezi mmoja zaidi. Kumpeleka ndugu hospitalini na kumsomea Qur'ani havigombani. Madaktari walikuwa chumbani kwa Ghazali, na dua ilikuwa ulimini mwake alipopata tena ulimi.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Katika jumuiya yetu, mtu akisema "nimevunjika moyo," huwa anajibiwa nini kwanza? Tungependa ajibiwe nini?

2. Ghazali aliipima nia yake ya kufundisha. Nia yako ya kusoma kozi unayoisoma ni ipi? Ni ya nani: yako, ya wazazi, au ya watu wa kijijini?

3. Katika mafungu manne ya al-Balkhi, lipi linakusumbua zaidi, na ni akiba gani umeiweka?

4. Ni nafasi zipi za kuatamia ambazo simu imetunyang'anya?

Ndugu yangu, ukiifunga kurasa hii usiku ule tuliouanza nao bado unakusubiri, kitabu kiko wazi na sentensi imekwama, basi kifunge. Chukua udhu, swali rakaa mbili, kunywa maji, lala. Kesho asubuhi andika sentensi moja, hata kama ni mbaya. Na kabla ya adhuhuri, mtafute yule mtu mmoja umwambie ukweli.

Ewe Mola wetu, zifungue nyoyo zetu, zifungue ndimi zetu, utukinge na hofu na huzuni, na kushindwa na uvivu. Waponye wagonjwa wetu tunaowajua na wale wanaougua kimya kimya katikati yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.